Bado

Kadi ya kliniki ina mstari wa kilo,
umepanda vizuri, nesi anausifu kwa kalamu.
Haina mstari wa maneno.
Ningeuchora mwenyewe: umelala chini
kama uzi uliochomoka sindanoni.

Shija wangu ana miaka miwili na miezi saba.
Aliwafuata mapacha tumboni, akawafuata na nyumbani,
na mapacha wale, Mungu awatunze, hawafungi mdomo:
"Mama, Shija anataka uji."
"Mama, Shija anasema hataki kopo hilo, anataka la bluu."
Anasema?
Amesema lini?
Ameinua kidevu tu, wao wametafsiri.

Hapa Mabatini nyumba zimekaa juu ya mawe,
kizingiti changu kiko usawa wa paa la jirani,
hakuna siri inayopanda ngazi bila kusikika.
Jirani wa chini: ana udata, kamkate.
Wa juu: mpe supu ya ulimi wa mbuzi.
Shangazi Nyamizi kapiga simu toka Magu:
baba yake naye alianza kusema ana miaka minne,
na leo mnadani, akinadi mitumba, nani anamnyamazisha?
Bombani, kanisani, kwa muuza mkaa:
"Hajasema tu?"
"Bado."
"Mpaka leo?"
"Bado."
Nimelitoa neno hilo mara nyingi kuliko salamu.

Mmoja akasema lile jingine, lenye b mbili.
Niliacha ndoo palepale.
Siku mbili sikurudi kuichukua.

Mwezi wa nne tukapanda Bugando.
Wakamvika vitu masikioni, wakabofya, akageuka.
"Masikio mazima," akasema binti mmoja
mwenye koti jeupe lililofumuka pindo.
"Anakuelewa?"
Nikasema, mwagize mkasi, ataleta mkasi;
mwagize uzi mwekundu, hataleta wa kijani.
"Basi maneno yamo. Muulize, halafu unyamaze.
Hesabu moyoni mpaka kumi.
Na hao mapacha wafundishe kunyamaza pia."
Alicheka. Mimi nilijua ni kazi gani nimepewa.

Kumi ni ndefu. Jaribu.
Cherehani imesimama, mteja amesimama,
sare ya mwanawe haina kola na shule ni kesho,
nami nimepiga magoti, ndizi mkono huu, karanga mkono huu,
moja, mbili, tatu
korongo anatua juu ya bati, kishindo,
nne, tano
Kulwa anafungua mdomo, namkazia jicho,
sita
Shija ananisoma midomo kama bango,
saba nane tisa
kidole. Ile.

Nikawa naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja,
chini ya kifua, kiuno, bega:
"aa", maji.
"mm-mm", sitaki.
"vuu", meli ya Ukerewe ikipiga honi.
Kurasa mbili, toka Pasaka hadi Nanenane.

Jumamosi iliyopita yumo beseni,
povu mpaka shingoni, maji yameshapoa.
"Shija, tumemaliza?"
Wala sikuwa nahesabu. Nilikuwa nawaza deni la uzi.
Akayapiga maji kwa viganja, akasema

bado.

Wazi. B ya midomo,
d ya ulimi ule waliotaka ukatwe.

Nikakaa kwenye maji yaliyomwagika, na gauni langu.
Mapacha, kwa mara ya kwanza, hawakuwa na la kutafsiri.
Neno langu lile la bombani, nililolisema nikitazama chini,
kumbe alikuwa akiliokota siku zote,
kalifua, kanirudishia
likiwa na maana ya kwake:
nacheza, mama, usinitoe.

Jumatano nesi ataniuliza tena, anaongea?
Sijui nitamjibu nini.
Nikisema bado,
nitakuwa namnukuu.